Injini ya Baba Ilivyochemka Njia ya Koboko

Nyinyi wa chumba cha walimu mmeniuliza mara tatu sasa, na kila mara kengele imelia kabla sijafika nusu. Basi leo naandika, msome mkinywa chai. Swali lenu ni moja: inakuwaje mtu atoke Arua kwenda Koboko, mwendo wa saa moja tu na barabara ya lami, achukue siku mbili? Jibu ni refu, na sehemu kubwa yake inaniaibisha mimi mwenyewe. Lakini kuna mtu Koboko ambaye nimeapa kumsifu mbele za watu, kwa hiyo vumilieni aibu yangu mpaka mfike kwenye sifa zake.

Ya basi kutoka Nakuru hadi Arua nayaruka. Mihuri ya mpakani haijawahi kumfurahisha msomaji.

Mvara, kabla ya kuwasha

Baba yangu ana miaka sabini na kitu. Ujana wake wote aliendesha malori ya tumbaku, na tangu astaafu anaendesha gari lake dogo la dizeli, ambalo umri wake na wangu haupishani sana. Gari hilo ndilo linalomtoa nyumbani kwetu Mvara. Magoti yake hayamruhusu kupanda boda, na kutembea mpaka mjini sasa ni kazi ya nusu siku. Ukimnyang'anya gari, umemfungia uani.

Sasa, wiki niliyofika likizo, gari lilichemka mara mbili, na mara zote mbili Baba ndiye alikuwa kwenye usukani. Kaka yangu Enoka, ambaye ndiye mkubwa wetu, akamwita fundi mmoja wa mtaani. Yule bwana alifungua boneti, akatazama mikono ikiwa mfukoni, akatoa hukumu palepale: silinda hedi, kile kichwa cha injini, imepasuka, na imepasuka kwa sababu mzee anasahau kuweka maji. Kisha akaondoka.

Neno "anasahau" ndilo lililotuingia. Enoka aliniita pembeni. "Leo anasahau maji," akasema, "kesho atasahau breki." Niliona ana haki, nikasema hivyo, tena kwa sauti, na Baba alikuwa dirishani akitusikia.

Alitoka nje akasimama mbele yetu. (Nyumbani tunaongea Kilugbara, maneno yake nimewageuzia.)

"Koboko kuna fundi ninayemwamini, Siraji," alisema, akaninyoshea kidole mimi. "Nampeleka Ayikoru huyu kwa shangazi yake Midia, tutapita kwa Siraji. Siraji akisema ni mimi niliyesahau maji, ufunguo ni wenu. Sitadai tena."

Enoka alikubali upesi mno. Akaninong'oneza nisirudi bila ufunguo mkononi. Ndiyo kazi niliyotumwa, na niliipokea.

Kwenye kiti cha nyuma niliweka zawadi ya Shangazi, mfuko mkubwa wa kumbikumbi waliokaangwa na kukaushwa. Niliwakamata mwenyewe, na nilijisifu nao kwa kila aliyepita langoni.

Kilima cha kwanza

Mjini gari lilitulia kabisa. Tulipotoka nje ya Arua na barabara ikaanza kupanda, mshale wa joto nao ukaanza kupanda. Baba aliuona kabla yangu. Aliondoa mguu kwenye mafuta, akalivuta gari pembeni mahali penye kivuli, akaliacha lingurume taratibu kidogo kabla ya kulizima.

Mimi huyo, nimesharuka nje, nimeshafungua boneti, mkono unakwenda kwenye kifuniko cha rejeta, ile inayopoza maji ya injini. Baba, mwenye magoti mabovu, sijui alifikaje upesi vile. Alinipiga kofi mkononi kama nilipokuwa na miaka sita.

"Unataka kubaki na uso?"

Tukakaa. Nusu saa, dakika arobaini, sijui. Mama mmoja aliyekuwa akipalilia mahindi jirani alitujia na dumu la maji kichwani bila kuombwa, akalitua mbele yetu, akakaa nasi kusubiri kana kwamba gari ni la kwake. Aliuliza tunakwenda wapi, nani anaumwa, na kwa nini mimi sijaolewa. Nilimjibu mawili.

Injini ilipopoa Baba alifunika kifuniko kwa tambara, akakizungusha polepole, akangoja mvuke uishe, kisha akaniita nichungulie. Maji yalikuwa yanaonekana, chini kidogo tu ya mdomo. Aliongeza hata kikombe hakikuisha.

"Umeona?" akaniuliza.

"Nimeona umeongeza," nikasema.

Alirudisha kifuniko. Mnanijua nikishaamua jambo. Siku hiyo nilikuwa nimeamua kwamba baba yangu amezeeka, na kila nilichokiona nilikiona kwa jicho hilo.

Na hita imewashwa

Mnaweza kukisia jua la huko saa sita mchana. Basi katika jua hilo Baba alifungua madirisha yote manne akawasha hita mpaka mwisho.

Nilidhani sasa ndiyo akili imekwenda kabisa. Akanieleza huku akiendesha: hita ya gari inapashwa na maji yaleyale ya injini, kwa hiyo ukiiwasha unaiibia injini sehemu ya joto lake na kulileta ndani. Injini inapata nafuu, abiria anapata tabu. Na kweli mshale ulishuka, nikautazama ukishuka, na viatu vyangu vikawa vinaungua miguuni. Kilima kikija, mshale unapanda, tukiteremka, unarudi. Tulisimama mara tatu zaidi.

Kwenye senta moja ndogo ya maduka tuliposimama kupoza injini, nilishuka nikiwa nimelowa jasho toka kichwani hadi kiunoni, nikaegemea ukuta wa duka nikihema. Mama muuza mandazi aliniona. Kabla sijasema neno alikuwa ameshanishika paji la uso.

"Huyu mutoto iko na malaria!" aliwapigia kelele wenzake. "Muzee, unapeleka yeye wapi na malaria namna hii? Kilinika iko hapa tu nyuma!"

"Hapana malaria, mama," Baba akasema. "Ni hita."

"Hita ni ugonjwa gani?"

Wawili walikuwa wameshanikamata mikono kunipeleka sindano. Ilibidi Baba awalete mpaka kwenye gari, awashe injini, awaambie watie mikono ndani. Walitia, wakaitoa haraka, wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Yule wa mandazi alinifungia sita kwenye karatasi ya gazeti, akakataa kabisa nilipe. "Kula," alisema. "Hata kama hapana malaria, umeteseka." Nilikula manne pale pale.

Uwanja wa Siraji

Koboko tulifika jua likielekea kushuka. Uwanja wa Siraji uko nyuma ya mji kidogo, umezungushiwa mabati, na ardhi yake ni nyeusi kwa oili ya miaka mingi. Nilitegemea kukuta watu wamelala chini ya magari na nyundo zinalia. Palikuwa kimya. Siraji alikuwa amekaa kwenye benchi, mtu wa miaka hamsini na ushee, kanzu fupi na kofia, anafuta spana moja moja. Alizaliwa kambini, ambako baba yake alitengeneza malori ya jeshi, na yeye alijifunzia hapo, kisha uhamishoni vita vilipowakimbiza, kisha hapa.

Baba alizima injini. Kabla ya kusalimiana vizuri alichomoa ufunguo akaniwekea mkononi.

"Shika kabisa," alisema. "Nisije nikabishana na fundi."

Niliutia kwenye mkoba, na ulikuwa mzito kuliko nilivyotaka.

Nilimwambia Siraji kwa haraka: gari linachemka, hedi imepasuka, mzee anasahau maji, afungue tu aone. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Hakuisogelea hata boneti.

"Dada, mimi hapana fungua injini ya moto. Injini ya moto inasema uwongo. Iko lala kwanza. Kesho asubuhi, baridi, itasema ukweli. Sasa mukae."

Alileta viti viwili na jerikeni tupu la kukalia yeye. Na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sijawahi kukiona gereji yoyote. Kwetu mtu akiugua sana, wazee huketi na ndugu wote, na kila mmoja hutakiwa kutoa lililo moyoni: nani amegombana na nani, nani amefanya nini, kabla dawa haijashikwa. Siraji, ambaye si wa kabila letu, ni Mkakwa na Mwislamu, anaketisha watu vivyo hivyo kwa ajili ya gari.

"Nani aliweka mukono kwa gari hii tangu ilikuwa muzima?" aliuliza. "Kila mutu aseme. Hapana ogopa. Mimi hapana polisi."

Baba alieleza yote bila kujitetea: kabadilisha mkanda wa feni lini, maji anaangalia kila asubuhi kabla ya chai, oili kaweka lini, siku ya kwanza kuchemka ilikuwa wapi. Siraji alikuwa akitikisa kichwa. Kisha akanigeukia.

"Na wewe, dada?"

"Mimi? Mimi ni abiria tu. Sijagusa kitu."

Niliyasema hayo kwa moyo mweupe. Naomba mlikumbuke hilo.

Kulala Siraji alitulaza nyumbani kwake, hatua chache kutoka uwanjani, kwa sababu mwenye gari lazima awepo injini ikiamka. Mkewe, Mama Aisha, alitupikia enyasa, ule ugali wetu mweusi wa muhogo na mtama, na mboga. Nikaona aibu kula bure. Nikafungua mfuko wa Shangazi, nikamtolea Mama Aisha bakuli zima la kumbikumbi. Alishangilia.

Tukala. Siraji alitafuna, akafumba macho.

"Kumbikumbi tamu. Munono. Wewe nashika wapi?"

Hamjaniona nikiulizwa swali nililokuwa nikilingojea. Nikasimulia kwa mikono yote: jinsi mimi na Enoka tulivyokwenda Ajia kwa mjomba mwanzoni mwa likizo, baada ya mvua kubwa, jinsi kichuguu kilivyofunguka jioni ile, na jinsi tulivyowashinda watu wote wenye taa za mkononi. Maana sisi tulikuja na gari la Baba! Tukaliingiza shambani, tukaelekeza taa kubwa kwenye kichuguu, Enoka akakinga beseni mbele ya bampa, na kumbikumbi wakaja kwenye mwanga kama mvua ya pili. Baba alikuwa amelala nyumbani na magoti yake, hakuliona tamasha.

Siraji aliacha kutafuna.

"Injini ilikuwa nazimwa ao nanguruma?"

"Ilikuwa inanguruma saa nzima. Tuliogopa betri itaisha."

"Aa," alisema. Akachota enyasa, akaendelea kula. Baba alikuwa ameinama kwenye sahani yake.

Asubuhi, injini baridi

Saa moja asubuhi tulikuwa uwanjani. Siraji alivua kofia, akaiweka juu ya benchi, akafungua boneti.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu hapa ndipo sifa zinapoanza. Mtu huyu, kama nilivyokuja kujua baadaye, tayari alikuwa anashuku. Angeweza kwenda moja kwa moja kwenye jambo analolishuku. Hakwenda. Alianza mwanzo, hatua kwa hatua, na kila hatua alimwita Baba aone kwa macho yake.

Alifungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa baridi. Maji yalikuwa palepale yalipokuwa jana.

"Muzee, maji iko. Hapana pungua."

Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akaifikicha kwa vidole, akaninusisha. Nyeusi, safi. Maji yangekuwa yanaingia kwenye oili, alisema, ingekuwa na rangi ya chai ya maziwa. Aliniomba ufunguo, akawasha injini kifuniko kikiwa wazi, akanisimamisha nitazame kwenye mdomo wa rejeta.

"Hedi ikipasuka, hapa itatoka povu, puu puu puu, kama sufuria ya uji. Tazama muzuri."

Nilitazama mpaka macho yakaniuma. Maji yalitulia kama kwenye glasi. Akazunguka nyuma, akakinga kiganja kwenye ekzosi panapotoka moshi, akakinusa, akaridhika. Akarudi akashika mpira wa juu wa rejeta, akangoja, akashika wa chini, akasikiliza kwa vidole wakati gani joto linapita. Maji yanazunguka, alisema, thamostati, ule mlango wake mdogo, iko inafungua. Mkanda aliubonyeza kwa dole gumba. Feni inazunguka vizuri.

Hakuna alichokigusa mara mbili, na hakuna alichofungua kwa spana. Mikono yake ilikuwa inauliza tu. Nimekaa darasani miaka kumi na tano na sijawahi kumsahihisha mwanafunzi kwa uangalifu ule.

"Sasa hii ya mwisho," alisema. "Dada, lete ile gazeti ya mandazi."

Nilimpa ile karatasi; usiku nilikuwa nimewapa mandazi mawili yaliyobaki ndani yake. Akanikunjulia, akanipeleka kwanza kwenye lori la jirani lililokuwa likiunguruma pale uwanjani, akaiweka mbele ya grili. Karatasi ilivutwa ikabandikwa pale, pap, bila mkono. Feni inavuta upepo kupita kwenye rejeta, na upepo ndio unaokamata karatasi. Kisha tukarudi kwenye gari la Baba.

"Weka wewe."

Nikaiweka. Nikaachia mkono. Karatasi ikateleza, ikaanguka chini kwenye vumbi.

Nikaiokota nikaiweka tena. Ikaanguka tena.

"Maji iko," Siraji akasema. "Upepo hapana."

Ndipo akachukua spana. Mbele ya rejeta kuna rejeta nyingine nyembamba, ya kiyoyozi, na kiyoyozi cha Baba kilikufa zamani. Alifungua boliti zake nne akaisogeza mbele. Katikati ya hizo mbili palikuwa na ukuta. Sina neno jingine. Ukuta wa rangi ya kahawia, umeshindiliwa na kukauka, kuanzia juu hadi chini. Siraji alibandua kipande akakiweka kwenye kiganja changu, akakipuliza. Yakaruka mabawa. Mabawa madogo membamba, mengi yasiyohesabika, yaking'aa juani.

Kumbikumbi wa Ajia. Saa nzima feni ya Baba ilikuwa ikiyavuta mabawa yao kupitia mwanya wa juu, na sisi tunacheka na kujaza beseni.

Siraji alifuta mikono. Hakunitazama mimi, alitazama injini.

"Jana mimi niliuliza, nani aliweka mukono kwa gari hii," alisema taratibu. "Leo nauliza mara ya pili."

Alikuwa anajua tangu jana usiku na enyasa mdomoni. Angeweza kulitaja jina langu wakati wowote, mbele ya baba yangu na mbele ya mkewe. Aliniachia mimi nilitaje. Sijui kama mmewahi kuheshimiwa na mtu siku mliyokosea. Ni jambo linalouma na linaloponya kwa pamoja.

"Ni mimi," nikasema. "Mimi na Enoka. Baba hakusahau kitu."

Nikalia, ndiyo, pale kwenye oili, nimetimiza miaka arobaini na moja. Niliwaza zile siku zote mzee huyu anaamka kabla ya chai kupima maji, anakuta yamejaa, gari linachemka hivyo hivyo, na watoto wake wanamwambia amesahau. Lazima alianza kujishuku mwenyewe. Hilo ndilo lililonivunja.

Siraji alisafisha kwa maji ya mpira, akipiga kutokea upande wa injini kwenda nje, polepole, asipinde yale mapezi laini ya rejeta. Mabawa yalitoka kama pumba. Alipofunga kila kitu, karatasi ilikamatwa grilini mara ya kwanza tu. Kipande kikubwa cha ule ukuta alikifungia ndani ya ile ile karatasi akanipa.

"Ya kumbukumbu," alisema, na hapo tu ndipo alipocheka.

Nilichomoa ufunguo, nikapiga magoti mbele ya Baba, nikamnyoshea kwa mikono miwili. Aliutazama kidogo, akauchukua. Nilingoja aniseme, nilitaka aniseme. Aliniambia tu, "Inuka, Shangazi yako anangoja."

Midia

Mshale haukutikisika mpaka Midia, na hita haikuwashwa. Shangazi alitupokea kwa maneno makali: alitungoja jana, kuku alichinjwa jana.

"Mmechelewa kwa nini?"

Baba akanitazama, kisha akamwambia dada yake, "Injini ilitaka kulala kidogo."

Basi. Siku zote zile nilimshitaki mbele ya kila mtu, na yeye alipopata nafasi yake alinisitiri. Nilimweleza Shangazi mwenyewe, toka Ajia hadi karatasi. Alisikiliza huku akila kumbikumbi, na aliposikia kilichokuwa kwenye rejeta hakuacha kula. Alisema tu kwamba mwili wa kumbikumbi umetufikia sisi na nguo zake zimelifikia gari, na haoni nani amedhulumiwa.

Lango la Mvara

Enoka alikuwa langoni tuliporudi. Baba alisimamisha gari, nikashuka. Kaka yangu hakusema hata karibu. Alinyosha mkono, kiganja juu.

"Ufunguo?"

"Kalete beseni kwanza," nikamwambia.

"Beseni gani?"

"Lile la Ajia, ulilokinga mbele ya bampa."

Alidhani nimemletea kitoweo. Alikwenda akarudi nalo, nikafungua gazeti la mandazi nikamwagia ndani. Alichungulia. Alishika bonge moja, likavunjika, mabawa yakapeperuka mpaka kwenye shati lake. Nikamwambia yalipotoka.

Beseni alilishika kwa mkono mmoja. Ule mwingine, uliodai ufunguo, akauficha nyuma kama mtoto.

Nyuma yetu boneti ilifunguka. Baba alikuwa ameshika tambara lake, anangoja injini ipoe apate kuangalia maji.